Boga la Nyuma ya Mawe

Kila alfajiri, kabla chai haijachemka, Teodora alifagia uwanja wake wa Buswelu mpaka ardhi ikabaki na mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Alizaliwa Muleba, akaolewa Mwanza, akawa mpishi wa shule ya chekechea. Katika maisha yake yote, sifa iliyomfurahisha kuliko zote ni kwamba kwake hakuna jani linalolala chini.

Mwaka huu alipanda mbegu za maboga alizoachiwa na marehemu mama yake. Zilikuwa za mwisho. Nyingine panya walizimaliza. Mmea mmoja tu uliota. Ukatambaa hadi kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba, ukachanua vizuri, lakini kila kiboga kilipofika ukubwa wa kidole gumba kilinyauka, kikaanguka. Bila boga hakuna mbegu, na maboga ya mama yangeishia hapo.

“Yale maua yasiyo na kiboga unayafanyaje?” aliuliza jirani yake Mhoja, akichungulia juu ya uzio.

“Si nayapika na karanga? Hayo hayazai, yanajaza nafasi tu.”

Mhoja alicheka hadi akashika tumbo. “Dada Teo! Umekula waume wote, halafu unawauliza wake mbona hawazai!”

Teodora alijiziba mdomo, kicheko kikampita kati ya vidole.

“Na hata ungewaacha,” Mhoja aliendelea, “nyuki aje kwako kutafuta nini? Uwanja kama sahani iliyooshwa, na dawa ya wadudu unapuliza kila jioni!”

Kwa hiyo Teodora akaanza maisha mapya. Maua hakuyagusa, dawa akaitupa, ufagio akauficha nyuma ya mlango ili asishawishike. Alipanda mrehani na alizeti, akaacha hata gugu la kishona nguo lichanue. Mumewe, Osward, alimkuta asubuhi moja amechuchumaa kwenye majani, kanga imelowa umande.

“Mke wangu, unaumwa?”

“Nyamaza! Yuko ndani ya ua. Ona matako yake yalivyojaa unga wa njano!”

Osward aliinama. Nyuki alitoka akiyumba kama mlevi, na wote wawili wakapiga makofi.

Shida ilikuja wiki nyingi baadaye, pale jumuiya ilipopangwa kusali kwao Jumamosi. Mwenyekiti ni Mama Sabina, ambaye hukagua uwanja kabla ya kufungua rozari.

“Fyeka,” alisema Osward. “Watasema tumehama na nyumba imebaki.”

Teodora alishika panga, akafika katikati ya majani, akasikia mvumo wa nyuki. Akarudi ndani akicheka peke yake.

“Shikamoo, Mama Sabina,” alisema Jumamosi ilipofika, akimpokea mgeni wake uwanjani.

“Marahaba. Teodora, mwanangu, kumetokea nini hapa?”

Mama Sabina hakungoja jibu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akina mama wote wa jumuiya na Mhoja wakimfuata, na kishona nguo kikang'ang'ania kila kitenge. Hapo ikawa ni kubanduana tu, huyu akichuma mbegu mgongoni mwa yule, vicheko vikipanda hadi watoto wakaja kuona. Mama Sabina mwenyewe alikaa juu ya jiwe kusafisha pindo la gauni lake, akashika kitu baridi chini ya majani, akaruka.

“Yesu na Maria! Nyoka!”

Mhoja alifunua majani kwa fimbo. Lilikuwa boga, kubwa kuliko sufuria ya ugali, limekomaa, kikonyo chake kimekauka. Wiki zote hizo Teodora alikuwa akihesabu viboga vya mbele ya mawe tu.

Alipiga kigelegele, akalikumbatia, akazunguka nalo mpaka kilemba kikaanguka.

“La mama! La mama yangu hili!”

Rozari ilichelewa sana. Wakati wa kuaga, Mama Sabina alimvuta pembeni, sauti chini.

“Mwanangu, mbegu utanigawia?”

“Nitakugawia, mama. Ila ufagio wako unikabidhi mimi.”