Jembe la Émérance

Alida alimpenda dada yake hata akamfichia jembe. Ndiyo, kwa upendo huohuo! Émérance aliporudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kutoka hospitali ya Mbarara, mkononi dawa zake, usoni usingizi, alikuta panga na jembe vimetiwa kwenye sanduku la bati, kufuli juu. Majirani walikuwa wamemjaza Alida maneno: mtu aliyesikia sauti akakimbilia porini hapewi chuma. Na Alida, mdogo wake wa tumbo moja, aliyetoka naye Burundi kwa miguu, aliogopa akasadiki.

"Lala, dada. Pumzika," ndio ukawa wimbo wa nyumba ile. Émérance akishika ufagio, ananyang'anywa. Akitafuta ndoo, Alida keshaenda nayo bombani. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, na kweli Émérance hakuulizwa chochote. Mchana kutwa alilala mkekani. Usiku macho makavu, anatazama bati la paa, na zile sauti ambazo dawa ilikuwa imezituliza zikapata nafasi ya kunong'ona tena. Mwili ukawa mzito, magoti yakamuuma, hata rozari ilimshinda.

Lakini kilichomkata maini ni shamba. Wanawake Warundi wa kijiji chao hulima kwa ikibiri: leo wote wako kwa huyu, kesho kwa yule, kila mmoja na jembe lake, na utani haukomi tangu tuta la kwanza. Maharage ya Émérance yalilimwa, tena vizuri, ila kwa huruma. Walikuja, wakalima kimya, wakampa pole kwa sauti ya wodini, wakaondoka. Tangu augue hakuna aliyemtania hata kidogo. Jamani, mtu kulimiwa shamba lake mwenyewe bila hata kutaniwa! Si ndivyo wanavyomfanyia marehemu?

Siku ya kliniki akamwambia nesi Kampire, Mnyankole wa Kakoba asiyejua kupamba maneno: "Nataka kurudi kwenye ikibiri."

"Ataanguka, nesi," Alida akadakia. "Dawa ni kali."

"Dawa hataacha, nyabo, hata siku moja," Kampire akasema. "Ile ya usiku, daktari ataangalia kama anaweza kula mapema. Lakini wewe, unamulalisha mchana yote, halafu unataka alale na usiku? Usingizi atatoa wapi? Mwili lazima ichoke. Asubuhi mutembee pamoja, pole pole."

Alida alinuna njia nzima. Hata hivyo kesho yake alfajiri alitoka na ndoo mbili badala ya moja.

Mwanzoni Émérance alitweta kama aliyepanda mlima, naye alikuwa anakwenda bombani tu. Watu walimkodolea macho. Siku nyingine sauti zilimfuata njiani, akageuka nusu ya safari, akakaa mlangoni akalia kwa hasira. Kesho yake akachukua ndoo akatoka tena. Mwanamke jiwe yule, nakuambia! Daktari alikubali, dawa akameza jioni na mapema, mchana akaukunja mkeka. Usingizi ukaanza kumjia, leo kidogo, kesho hakuna, keshokutwa tena.

Ndipo akamwendea Annonciata, kiongozi wa ikibiri, mwenye ulimi kama wembe.

"Nafasi yako ipo," Annonciata akamjibu. "Njoo na jembe lako. Mkono mtupu haulambwi."

Basi akarudi nyumbani, akasimama mbele ya sanduku. "Alida, mdogo wangu, hao wanaoniogopa hawanijui. Na wewe?"

Alida alifungua kufuli, akamtolea jembe.

Émérance akaingia ikibiri. Alilima mwisho wa mstari, akachelewa nyuma ya wote, akapumzika alipochoka, akainuka. Kila shamba alifika. Wenzake waliendelea kumwambia pole, pole sana, kwa ile sauti ya wodini, naye akaendelea kulima. Zamu ikazunguka mpaka ikaja kwake.

Asubuhi hiyo wanawake walifika na majembe begani, wakakuta mlango umefungwa. Alida alikuwa nje, anapuliza moto chini ya sufuria ya maharage. Aliwapungia mikono wanyamaze, machozi yakimtiririka.

"Msimwamshe, nawaomba! Amelala! Tangu jioni amelala!"

Kweli, ndani mtu alikuwa anakoroma. Wanawake wakatazamana, wengine wakaanza kushusha sauti. Annonciata akamsogeza Alida pembeni, akaugonga mlango kwa mpini wa jembe.

"Wee mvivu! Toka humo! Sisi tulime, wewe unakoroma kama bwana harusi mlevi?"

Kicheko kikalipuka. Ndani, kukoroma kukakatika. Mlango ukafunguka, Émérance akatokea, alama za mkeka shavuni, jembe begani.

"Kukoroma kwangu na domo lako, Annonciata," akasema, "kipi kinafukuza mvua?"

Halafu akaegemea mlango, akalia kwa furaha, maana alikuwa ametukanwa kama watu wengine.