Mistari Mitatu ya Maharagwe

Nilipokuwa mtoto, mdomo wangu haukuwa na mlango. Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliniita Redio, nami nikaona ni sifa.

Kwetu, upande wa Maseno, mke wa mtoto hapandi mbegu kabla mama mwenye boma hajapanda. Akimtangulia, analeta chira, laana inayokula watu wa nyumba yake mwenyewe. Mwaka ule masika yaliwahi, na Dani alikuwa matangani kwa dada yake. Mama hakupenda kuona udongo wenye maji ukikaa bure, akapanda mistari mitatu ya maharagwe nyuma ya jikoni. "Usimwambie mtu," akanionya. Nikaapa.

Siku chache baadaye, saa nane mchana, kichwa kikamshika Baba upande wa kulia. Jicho la upande huo likawa jekundu na kutoka machozi, pua nayo ikatiririka. Hakuweza kulala wala kukaa. Alizunguka boma akigonga kichwa ukutani, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akilalamikia hata jino. Baada ya saa moja kikaisha. Kesho yake, saa nane, kikarudi, na kesho kutwa vilevile.

Dani aliporudi aliuliza jambo moja tu. "Nani ametangulia kupanda?"

Nami nikamnyooshea Mama kidole. Jamani, nilidhani nikisema Baba atapona!

Baada ya wiki kadhaa kichwa kilipoa kweli, Dani akasema ni kwa sababu kosa limetajwa. Masika yaliyofuata kikaja tena, saa ileile, jicho lilelile. "Nyar Bondo," Dani akamwambia Mama, akimwita binti wa Bondo, kwao, "utaniulia mtoto." Baba hakumtetea. Mama akafunga nguo zake, akarudi Bondo kwa kaka yake, sisi watoto tukabaki. Hata baada ya yeye kuondoka, kichwa kilimrudia Baba kila masika, wala hakuna aliyesema labda tumemwonea.

Leo nauza mitumba sokoni Otonglo. Masika ya mwaka huu maumivu yalinishika mimi, jicho la kulia, nikawa nazunguka vibanda wateja wakidhani nimerukwa na akili. Hospitalini Kisumu waliniwekea oksijeni, yakatulia. Daktari akaniuliza, "Mama, kuna mtu kwenu alikuwa na hii?"

"Baba."

Akanieleza kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Wengi hushikwa majira yaleyale na saa ileile, na kuna familia unamopita katika damu, ingawa si kwa kila mtoto. Nikalia, naye akadhani ni maumivu.

Jumapili nikaenda Bondo. Nilitaka Mama anigombeze, walahi, nilikuwa tayari hata kwa kofi. Nikamweleza kwamba Baba, ambaye tumeshamzika, alikuwa mgonjwa tu. Akaacha dagaa wa omena aliokuwa akichambua.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, Mama."

"Kila mvua ikianza," akasema polepole, "nilikuwa naomba Mungu aniumize mimi, amwachilie yeye."

Nilikuwa nimeenda kuomba msamaha kwa kumwaibisha. Kumbe aibu ilikuwa kitu kidogo. Nilimfanya aamini, miaka yote hii, kwamba alimtesa mtu aliyempenda, na hilo sijui naliombea msamaha kwa maneno gani.