Kibao Bora cha Muongo Hakikuwa Changu

Niliiba. Wiki tano natafuta neno jingine la kupoza hilo na silipati. Nakaa, nainuka. Nashona, nafumua. Jirani akiwasha redio naacha cherehani natoka nje kama mtu aliyeitwa.

Mimi ni fundi nguo hapa Kayanga, mama wa watoto watatu. Zamani niliimba. Tulikuwa wawili, mimi wa Ihanda na rafiki yangu wa Igurwa ambaye hapa nitamwita Ednatha, ingawa si jina lake. Tulikutana kwenye kwaya ya vijana tukawa kama watoto wa tumbo moja.

Miaka ile ya elfu mbili tulirekodi wimbo mmoja Bukoba, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Unamhusu msichana mdogo anayekaa kando ya barabara akimuuliza kila mpita njia kama amemwona mama yake. Jamani, ule wimbo! Ulipigwa harusini, kwenye vilabu vya lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye hiace zote za Omurushaka. Watu walicheza huku wanafuta machozi.

Maneno yote alitunga Ednatha. Sauti aliitafuta yeye. Mimi niliongoza kuimba kwa sababu koo langu lilikuwa jepesi kuliko lake. Changu kilikuwa koo, basi.

Baadaye akaolewa Kyerwa, mimi nikabaki na cherehani, tukapoteana.

Mwaka huu redio moja ya huku kwetu ikaanza kutafuta kibao bora cha muongo ule. Kila wiki wasikilizaji wanapiga kura, wimbo wenye kura chache unatoka. Wetu haukutoka. Wateja wakaanza: "Fundi, kumbe huyu ni wewe!" Kichwa kikavimba! Mtu aliyezoea kuitwa kwa ajili ya zipu iliyokatika, leo anaitwa msanii. Nikaomba kura sokoni, nikaomba stendi, nikaomba hata mlangoni pa kanisa. Aibu!

Tukashinda. Mtangazaji akanipigia niende studio Jumatatu asubuhi.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Wawili, lakini mwenzangu sijui alipo."

Nilijua. Dada yake anauza nyanya hapa sokoni, nampita kila siku. Ningemuuliza namba tu.

Badala yake nikampigia mama yangu Ihanda. "Mama, Jumatatu saa nne fungua redio, utanisikia." Akafurahi! Akaalika majirani, akawapikia ndizi.

Studio niliwekewa vile vya masikioni, nikajiona mtu mkubwa. Mtangazaji, kijana mchangamfu, akauliza, "Huu wimbo alitunga nani?"

"Mimi."

Ilitoka kirahisi mno. Nilisubiri nishtuke, sikushtuka.

"Na huyo mama anayetafutwa ni nani?"

Hilo sikulitegemea. Ningesema ni hadithi tu. Lakini tulikuwa hewani, nikasema, "Ni mama yangu."

"Alirudi?"

Mungu wangu! Kisa cha Ednatha nilikijua chote. Alinisimulia mwenyewe, tumelala kitanda kimoja siku za kwaya, akanishika mkono mpaka alipomaliza. Nikakitoa chote. Mama aliyepakiwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali, amefunikwa kitenge cha kijani. Mtoto wa miaka minane aliyekaa barabarani siku tisa, hataki kula, anauliza wapita njia. "Hakurudi mzima," nikasema, nikalia. Yalikuwa machozi ya kweli, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Simu za pole zikamiminika. Na mama yangu mzazi, mzima wa afya, alikuwa Ihanda sebuleni kwake na majirani sita, wote wanamtazama.

Nilichukua bodaboda mchana uleule. Nikamkuta anamenya ndizi peke yake.

"Shikamoo mama."

Alimenya mbili, tatu. "Unamwamkia nani? Mama yako si alishakufa?"

Nikapiga magoti. Akaendelea kumenya. "Jirani ameniuliza kama una mama mwingine aliyekuzaa. Nikamjibu ndiyo. Nimedanganya kwa ajili yako, na umri wangu huu."

Kayanga nako hakukukalika. Wanaonijua walicheka kwa sauti nikipita: "Kibao cha muongo kimempata muongo wake!" Wasionijua walinipa pole. Pole zile ziliniuma zaidi.

Alhamisi nikaomba namba kwa yule dada wa nyanya. Alinitazama weee, hakunipa. Nikapanda gari nikaenda Nkwenda, huko Kyerwa alikoolewa, kuulizia. Nilimkuta Ednatha uani kwake anageuza kahawa kwenye majamvi. Amenenepa kidogo, uso ni uleule.

"Nilikusikia," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kitenge kilikuwa cha kijani kweli. Ulikumbuka vizuri."

"Ednatha, nisamehe dada'angu. Nitarudi redioni, nitataja jina lako."

"Jina langu la nini?" Aliinuka. "Unajua mama yangu alizikwa wapi?"

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza!

"Sisi tulitoka Burundi, tukaishi Igurwa kwa vibarua. Hatukuwa na ardhi. Akazikwa kwenye kibanja cha bosi. Kibanja kikauzwa, aliyenunua akapanda migomba juu yake. Sina hata pa kuweka ua. Nilikuwa na ule wimbo tu. Ukipigwa nasimama, nasema moyoni, huyo mama anapita. Sasa ukipigwa, watu wanasema ni mama yako."

Hakupaza sauti. Aliniletea maji, nikayanywa nimesimama kwa sababu sikukaribishwa kiti. Nilipomrudishia kikombe alisema, "Safari njema," akarudi kwenye kahawa yake. Namba nilipewa na jirani yake, lakini simu zangu hapokei.

Nilirudi kwa yule mtangazaji nikamweleza ukweli. Akashika kichwa. "Mama, shindano limeshaisha. Watu walishalia na wewe hewani. Nikiwaambia leo ulikuwa uongo, nitauweka wapi uso wangu?" Akaniomba nimwachie kwanza. Mpaka leo kimya. Wimbo unapigwa kila mchana na jina langu linatajwa, nami nikisikia unaanza natoka nje, nazunguka nyumba mpaka uishe.

Ndiyo maana nimeandika.

Wewe ambaye rafiki alikushika mkono akakusimulia msiba wake, uache ukae kwako kama alivyouweka. Na ukiulizwa nani alitunga, nani alianzisha, nani alifanya, na si wewe, jibu haraka kabla hujaanza kulifurahia swali. Mimi nililifurahia!

Na ninyi mtakaousikia wimbo ule leo mchana, nawaomba kitu kimoja. Mama anayetafutwa mle ndani aliishi Igurwa. Alikuwa na binti, na binti huyo si mimi. Msimpe marehemu mtoto asiye wake.