Wiki Moja Mikumi Kabla ya Usaili wa Kuandika

Nilikwenda Mikumi kwa sababu nilikuwa nimefeli usaili wa kuandika mara mbili. Nafasi zenyewe zilikuwa za uuguzi katika hospitali za umma. Mara ya kwanza muda uliisha nikiwa sijagusa maswali tisa. Mara ya pili nilimaliza mapema, nikarudia, nikaingiwa na shaka, nikafuta, nikaandika upya. Nyumbani nilipofungua notsi, nikakuta yale niliyoyafuta ndiyo yaliyokuwa sahihi. Kwa hiyo jina langu lilipotokea tena kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili, Dodoma, Jumamosi ya wiki iliyofuata, baba hakunipongeza. Alisema, "Shabani, safari hii nenda kwa mtu aliyepita." Mtu huyo ni dada yake, shangazi Mwajuma, muuguzi wa zahanati moja pembezoni mwa mji wa Mikumi.

Jumapili, saa moja asubuhi, niliondoka nyumbani Chanzuru nikiwa na begi la nguo za wiki moja na mfuko wa salfeti uliojaa notsi za miaka mitatu. Bodaboda aliyenibeba tumesoma naye shule ya msingi. Aliufunga mfuko nyuma ya pikipiki akiguna.

"Dokta, unahama?"

"Naenda kusoma."

"Si ulishamaliza kusoma, ukavaa joho, tukala pilau?"

Swali hilo nililifikiria mpaka tulipofika stendi ya Kilosa.

Ndani ya kosta nilikagua vyeti vyangu. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha chuo, leseni ya uuguzi, kitambulisho. Nikavirudisha. Gari lilipowaka nikavitoa tena. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza, mama. Vyote vipo."

"Basi viache vipumzike."

Katikati ya safari tulifika kijiji cha Ulaya. Konda akagonga bodi na kutangaza, "Wa Ulaya shukeni, viza hatukagui!" Abiria wakacheka, ingawa nina hakika wengi wao huusikia utani huo kila wakipita. Mimi nilicheka kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku zilizobaki.

Saa tano kasoro tuliingia Mikumi. Barabara kuu ya Iringa ilikuwa imejaa malori yaliyoegeshwa, madereva wakinywa supu, na wauza vitunguu wakikimbilia kila basi lililopunguza mwendo. Shangazi alikuwa ananisubiri kando ya barabara.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na huo mfuko ni mahindi?"

"Notsi."

"Mungu wangu. Afadhali yangekuwa mahindi."

Jioni nilimwonyesha ratiba niliyoichora kwa kalamu za rangi nne. Alfajiri anatomia, asubuhi dawa, mchana magonjwa ya watoto, na kuendelea. Shangazi aliisoma yote kwa heshima, akaikunja, akauweka mfuko wangu juu ya kabati. "Kesho unakuja kazini na mimi," alisema. "Leseni unayo, na mganga mfawidhi, bosi wangu, nimeshamwomba. Utatoa elimu ya afya."

Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kwenye zahanati ile, kabla kliniki ya wajawazito haijaanza, muuguzi husimama mbele ya benchi na kuwafundisha akina mama kwa dakika chache. Siku hiyo somo lilikuwa dalili za hatari kwa mjamzito. Nililijua kama jina langu. Nikaanza vizuri, kisha nikataka nisiache kitu. Maumivu ya kichwa, nikasema, yanaweza kuwa dalili ya hatari, lakini inategemea, kwa sababu yanaweza pia kuletwa na kukosa usingizi, au malaria, au kutokunywa maji ya kutosha, au...

"Dokta," alinikatiza mama mmoja, Mama Zuhura, ambaye alikuwa na mimba ya nne na somo lile alilijua kwa moyo. "Kichwa kikiniuma sana, nije au nisije?"

"Inategemea..."

"Mwenzenu nitakufa huku inategemea!"

Benchi zima likacheka. Hata mganga mfawidhi alichungulia dirishani. Nilitamani nifunikwe na mfuko wangu wa notsi.

Jioni ile shangazi alishusha kutoka kwenye mfuko wangu karatasi ya maswali ya usaili wa zamani. Alinisomea swali huku amefunika majibu manne kwa kiganja. "Sema jibu lako kwanza, ndipo nikuonyeshe yao." Nikabisha kwamba huenda majibu yote manne yana ukweli ndani yake. "Yana ukweli," alikubali. "Lakini wanakuuliza utaanza na lipi. Mgonjwa hawezi kuanza kuhudumiwa kwa mambo manne kwa mpigo." Tulifanya hivyo hadi wali ulipoiva. Niliyoyasema kabla ya kuona majibu, mengi yalikuwa sahihi. Nilikosea zaidi pale nilipomwomba anipe muda.

Jumatano nilikuwa nimeanza kuzoeleka. Nilikuwa nimefika kwenye dalili ya tatu Mama Zuhura, aliyekuja siku hiyo kumsindikiza jirani yake, aliponyoosha mkono. Nikajiandaa kwa utani.

"Dokta, huyu jirani yangu anaona haya kusema. Kichwa kinamgonga tangu jana, na anasema macho yana ukungu."

Jirani alikuwa binti mdogo wa familia ya wafugaji, mimba ya kwanza, amejifunika shuka. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umevimba, na pete ya shanga ilikuwa imembana kidoleni. Nilihisi lile neno langu likija mdomoni. Huenda hakulala. Huenda ni jua la njiani. Huenda nitamtisha bure mbele ya watu.

"Simama, dada," nikasema. "Wewe hukai foleni. Twende ndani sasa hivi. Sista Mwajuma! Mashine ya presha!"

Presha ilikuwa juu sana. Shangazi na mganga mfawidhi walimpa sindano ya kwanza ya kuzuia kifafa cha mimba, gari la wagonjwa likaitwa, na Mama Zuhura akapanda naye bila kuombwa. Gari lilipoondoka nilimfuata shangazi ndani. Shangazi alikuwa anaosha mikono.

"Ningekosea je?" nilimuuliza. "Kama ingekuwa jua tu?"

"Tungempima, tungempa maji, angerudi kwenye benchi. Ungepoteza nini?"

Ijumaa asubuhi, nikifunga begi, Mama Zuhura alifika mlangoni kwa shangazi. Binti amejifungua mvulana, wote wazima. "Tumekutetea huko hospitali," aliniambia. "Tumesema siku hizi dokta wetu hasemi tena 'inategemea'."

Mchana nilikuwa Kilosa tena, na jioni treni ikanifikisha Dodoma. Mfuko wa notsi niliuacha Mikumi, juu ya kabati.

Jumamosi, saa tatu, tulikaa mamia kwenye ukumbi mmoja. Nilifunika majibu kwa kiganja, nikasoma swali, nikajisemea jibu, nikafunua. Msimamizi alinipita mara mbili akidhani nimeficha kitu, akaniinua mkono, akakuta karatasi ya mtihani tu. Nilimaliza zikiwa zimebaki dakika saba, nikakaa juu ya mikono yangu ili nisifute. Nje, watahiniwa walikuwa tayari wanasahihishana kwa sauti. Niligundua kwamba swali la thelathini nimekosa. Nikaenda kununua chipsi.

Matokeo yalipotoka nilikuwa Chanzuru. Namba yangu ilikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa kwa usaili wa mahojiano. Niliikagua mara sita, kisha nikampa baba simu aikague, kwa sababu mtu habadiliki kwa wiki moja. Mahojiano bado sijayafanya, na usiku kucha huwa najibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nilichojifunza ni kidogo: mtihani unataka nianze mahali fulani, na kuanza ni kazi inayofanywa mbele ya watu, si kwenye notsi.

Ndiyo maana Jumatatu iliyofuata nilikwenda zahanati ya hapa kwetu kuomba kujitolea. Mganga mfawidhi alisoma leseni yangu, akaniuliza ningependa kuanza lini. Kisha akanitazama vizuri, akacheka. Nilikuwa nimekuja na sare ya uuguzi mwilini.