Katiba Chini ya Cherehani

Juma lililopita, mjini Kamembe, nilimpelekea fundi wangu suruali aipunguze. Afisa wa soko akasimama mbele ya baraza. "Mzee, kuna ushuru mpya wa kushonea barazani. Lipa leo."

Fundi aliinama, akachomoa kijitabu cha Katiba alichokiweka chini ya mguu mfupi wa cherehani, akakipangusa kwa kiganja. "Shefu, humu banasema hakuna kodi bila sheria. Unionyeshe ile sheria."

Afisa hakukitazama. "Sheria itakuja. Mashine inatangulia."

Askari wake wawili wakaibeba. Fundi alibaki kwenye kigoda, kijitabu mkononi, mguu ukikanyaga pedali isiyokuwapo.

Miaka ile baada ya vita vya nchi yetu, tulipanga foleni tangu alfajiri kuipigia kura Katiba hiyo. Ilimfaa zaidi ilipokuwa chini, ikizuia cherehani isiyumbe.