Nilimdanganya Mdogo Wangu kwa Kitabu cha Picha

Nimekosa mimi, wala sitafuti wa kumsingizia. Wapo wanaoharibu ndoa za watu kwa umbea, wapo wanaoharibu kwa fitina, mimi nimeiharibu ya mdogo wangu wa damu kwa kitabu cha watoto! Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningeyasikia kwa mwingine ningecheka.

Ila nisikilize mpaka mwisho, maana nimechoka kukaa na jambo hili. Linanikera jikoni, linanikera kanisani, linanikera hata darasani nikiwa na watoto wa chekechea ninaowafundisha hapa Musoma.

Sisi ni Wazanaki wa Butiama. Mama alifariki mimi nikiwa darasa la nne, mdogo wangu bado anabebwa mgongoni. Tumwite Nyangeta. Baba ni mkulima, siku nzima alikuwa shambani au nyuma ya ng'ombe wake. Aliyembeba Nyangeta, aliyemwogesha, aliyemchapa na kumbembeleza ni mimi. Kaka yetu alikuwepo, lakini wavulana mnawajua.

Nyumba nzima ilikuwa na kitabu kimoja. Mama alipewa na masista wa parokia. Kilikuwa cha picha, habari za dada wawili waliokuwa na gauni moja la njano. Kila ukifunua ukurasa wamekua kidogo, wanapimana urefu kwenye fremu ya mlango, na gauni linamhama mkubwa linahamia kwa mdogo. Kitabu kizuri jamani! Mpaka leo nafundisha kwa vitabu vya picha na sijaona kinachokifikia.

Shida yake kilikuwa cha Kiswahili. Kwetu mtoto anaanza na Kizanaki, Kiswahili anakutana nacho shuleni. Nyangeta hakujua hata neno, baba hakusoma, na kaka kitabu hakukigusa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa macho Kiswahili, halafu namsimulia kwa Kizanaki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba naweza kusema lolote nitakalo!

Nikitaka Nyangeta akateke maji, basi mdogo wa kwenye kitabu naye aliteka maji. Nikitaka anyamaze, yule naye alinyamaza akapewa muwa. Siku moja alianza ubishi, nikamwambia mdogo wa kwenye kitabu alitoka mlangoni kabla ya dada yake, na hapo hapo akaacha kukua.

Nyangeta alikodoa macho. "Imeandikwa?"

"Imeandikwa," nikasema.

Kuanzia siku ile akawa anasimama mlangoni kuningoja nipite kwanza. Hata mvua ikinyesha! Nikiona vile nilikuwa najisikia mkubwa kweli kweli.

Sasa, ule mwisho wa kitabu haukunifaa. Picha ilikuwa wazi, mdogo amekuwa mrefu kumpita dada yake na ndiye aliyetangulia nje. Hata asiyejua kusoma angeona. Nikachukua uji mzito, nikazibandika kurasa za mwisho zikashikana. Nikamwambia Nyangeta kwamba pale ni pa wakubwa.

Ningeishia hapo yangekuwa mambo ya kitoto, leo tungekuwa tunayacheka. Sikuishia hapo.

Nyangeta alipoanza shule nilikificha kitabu kwenye sanduku langu, na nilipokwenda chuo cha ualimu nikaondoka nacho. Nyangeta akakua, akajua Kiswahili, akamaliza shule, akajifunza kushona. Akapanga chumba Nyasura, pale Bunda, akawa fundi wa sare za shule. Mikono yake ni mizuri mno kwenye cherehani. Lakini kile kitabu hakuwahi kukisoma kwa macho yake.

Halafu akatokea kijana wa Nyamuswa, fundi pikipiki, mpole, anaanza kucheka kabla hajaongea. Alimpenda mdogo wangu kweli, na mdogo wangu alimpenda. Mimi wakati huo nilikuwa sijaolewa, na mpaka leo sijaolewa.

Nieleze kidogo mambo ya nyumbani kwetu. Mdogo hamruki dada yake hivi hivi tu kwenda kuolewa. Si kwamba haiwezekani! Wakubwa wanamwita yule dada, wanamuuliza kama ameridhika, akikubali anavishwa kanga, na shughuli inaendelea. Ni kusema ndiyo, basi. Hakuna linalokatika wala kumwagika.

Siku wageni walipokuja Butiama, shangazi yetu, dada wa baba, alinivuta pembeni.

"Wewe mkubwa, umeridhika mdogo wako akutangulie? Sema sasa hivi, usije ukanung'unikaga baadaye."

"Nimeridhika kabisa, shangazi," nikamjibu. Nikavishwa kanga, nikapigiwa vigelegele! Wanawake wakanisifu kwamba nina roho nzuri.

Kumbe nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu tangu asubuhi. Tulikuwa wawili tu tunachambua mchele, Nyangeta amesukwa, amependeza, ana furaha. Akaniuliza, "Dada, hivi kile kitabu chetu kiliishiaga wapi? Mbona hukunimaliziaga?"

Nafasi ilikuwa ile! Ningemwambia tu, mdogo wangu, nilikutania, ni kitabu cha gauni la njano. Badala yake nikamjibu bila kumtazama.

"Yule mdogo aliolewa akamruka dada yake. Hakuzaa mpaka anakufa."

Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Utaniuliza mtu mzima anaogopaje hadithi ya watoto. Nami nilijiuliza hivyo hivyo ili nijipunguzie lawama. Lakini fikiria, maneno yale aliyapata kabla hajajua maneno mengine, kwa lugha ya mama, kwa mdomo wa mtu pekee aliyemlea. Na ameambiwa kwamba yameandikwa. Kwenye nyumba isiyo na msomaji mwingine, kilichoandikwa nani atakibishia? Nilijua ataogopa. Ndiyo maana nikasema.

Wageni wakaketi. Kwetu binti anaitwa mbele ya watu, baba anamuuliza kama anawafahamu wageni na kama tupokee walichokuja nacho. Binti akijibu kwa sauti ndipo chakula kinapakuliwa. Baba akauliza. Nyangeta akanitazama. Mimi nikawa natengeneza upindo wa kanga yangu mpya.

"Sijui," akasema.

Baba akadhani hajasikia vizuri, akarudia.

"Sijui, baba."

Loo! Yule kijana alivyoinamisha kichwa, nikikumbuka nataka kujipiga. Wageni wakaaga kwa adabu, wakaondoka bila kuonja kitu. Kuku wakapoa kwenye masufuria.

Kuanzia hapo aibu yote ikamwangukia Nyangeta. Watoto wa jirani wakampa jina la Sijui. Shangazi akamwambia amemfanya baba yake mtoto mbele ya wanaume wenzake. Na mimi, sikia mwenyewe, mimi ndiye niliyekuwa namtetea! "Mwacheni jamani, bado akili haijatulia." Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema, huku kanga nimeivaa.

Kijana wa Nyamuswa alisubiri, akatuma watu, akachoka. Akaoa kwingine, sasa ana watoto. Kwa Nyangeta hakuja tena mtu. Nani apeleke posa kwa binti anayeaibisha wageni?

Kwa nini nilifanya? Wivu. Niliogopa kuchekwa kwamba mdogo kaolewa mimi nipo tu. Na nilimuona Nyangeta ni wangu, nimemlea, sasa anachukuliwa na fundi pikipiki mimi nibaki na nani? Ndiyo hayo, hakuna la maana zaidi ya hayo.

Likizo iliyopita binti wa kaka yetu, yuko darasa la pili, alikuja kukaa kwangu. Nyangeta naye alikuja kututembelea. Nilikuwa jikoni nakaanga sato, wao wako sebuleni. Mtoto akapekua sanduku langu akatoka na kitabu. Mende walikuwa wameula ule uji wote, kurasa zimeachiana zenyewe. Akaanza kumsomea shangazi yake mdogo, kwa kuvuta maneno kama wanavyosoma watoto wa darasa la pili.

Nikasikia kutoka jikoni, "Mdogo a-ka-wa mrefu kuliko dada yake. Dada akamfunga ki-fu-ngo cha gauni. Akamwambia, tangulia mdogo wangu, nakuona."

Halafu Nyangeta akasema, "Rudia."

Mtoto akarudia. Samaki wakaungua, sikuweza hata kunyoosha mkono kuzima jiko.

Nilipotoka, Nyangeta alikuwa ameshika kitabu, kidole kiko kwenye maandishi. "Dada, hapa pameandikwa tangulia."

"Yalikuwa mambo ya utoto, Nyangeta..."

"Ya utoto? Ile siku ya wageni tulikuwaga watoto?"

Yule mtoto wa kaka anatutazama, hajui amefanya nini, anauliza kama amesoma vibaya. Nyangeta akamwambia amesoma vizuri sana.

Nilitegemea ugomvi. Ningeushukuru! Lakini Nyangeta hakupaza sauti. Tangu siku ile kila kitu ananiomba ruhusa. "Dada, naomba ruhusa ninywe maji." Ananitumia ujumbe kutoka Bunda, "Dada, nataka kwenda sokoni, naruhusiwa?" Nikimwambia aache, ananijibu, "Sawa dada, nimeacha kwa ruhusa yako." Inaniudhi jamani! Anitukane basi tuishe, anirushie hata sufuria! Hapana, ni adabu tu, mpaka nachukia kusikia simu ikilia.

Nikamfuata kule Nyasura na kanga nzuri, nikaomba msamaha, nikalia. Hakusimamisha cherehani.

"Kanga zako sitaki," akasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Mbele ya baba na shangazi, useme kwa mdomo wako ulichonifanyia. Baba amezeeka, dada. Asije akafa anajua ni mimi nilimwaibisha."

Nikamwahidi. Na nafasi ikaja haraka, kaka alipobarikiwa nyumba yake mpya Butiama. Baba yupo, shangazi yupo, majirani wale wale. Baada ya padri kumaliza nikaomba kusema neno. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu tangu Musoma. Nyangeta aliyekuwa anagawa soda akasimama na kreti mkononi, ananitazama, na kwa mara ya kwanza tangu likizo niliuona uso wake wa zamani, uso wa mtu anayenitegemea.

Nikafungua mdomo. Unajua nilisema nini? Nikawashukuru wapishi!

Wapishi! Nikasema pilau limeiva vizuri, nikamtakia kaka heri, watu wakapiga makofi, nikaketi. Nyangeta akanijia taratibu. "Dada, naruhusiwa kuendelea kugawa soda?" Tangu siku ile hata ujumbe wa kuomba ruhusa hatumi tena. Nilikuwa nauchukia, sasa nashika simu naungoja.

Baada ya hapo baba akaanza kuumwa, miguu imevimba, pumzi fupi. Juzi Jumapili nilikwenda kumwona. Tulikuwa sisi wawili tu. Akanishika mkono, akaniambia kwa Kizanaki, "Nisipokuwepo, mwangalie mdogo wako. Yule akili yake ni ndogo, aliniaibisha, lakini nimemsamehe. Wewe ndiye mwenye akili."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa mbele yangu! Sikuhitaji hata kusimama, sikuhitaji ujasiri wa mbele za watu. Nikasema, "Sawa, baba." Nikamfunika miguu, nikarudi kituoni kupanda gari.

Nasema na ninyi mliozaliwa kwanza. Mdogo wako akikaa mapajani mwako na kitabu, msomee kilichoandikwa. Kama mwisho haukupendezi, msomee hivyo hivyo, atajua mwenyewe cha kufanya nao. Yeye hajui kama unatania. Neno lako anakwenda nalo mpaka ukubwani, na siku utakapotaka ulichukue utakuta limeshamlia maisha.

Na kama umeshakosa, sema siku ile ile, ukiwa bado na sauti ya kusemea. Ukichelewa unazoea kusifiwa, na kusifiwa kunatia woga kuliko kutukanwa. Mimi naogopa uso wa mzee mgonjwa asiyeweza hata kusimama!

Kutoka hapa Musoma mpaka Butiama si mbali, magari yapo tangu asubuhi. Leo sina kipindi, na baba bado anasikia vizuri. Nami nimeketi hapa nawaeleza ninyi msionijua, tena bila kuweka jina langu.