Maneno Aliyoyameza Timothée

Timothée alikuwa muuguzi msaidizi katika hospitali ya weusi pale Stanleyville, mji ambao wenyewe hawakuacha kuuita Kisangani, na katika miaka ile ya hamsini hakuna aliyemzidi kwa kupiga pasi. Kaptula yake nyeupe ungedhani inaweza kusimama bila yeye. Kifaransa chake nacho alikipiga pasi: alikitoa polepole, kimenyooka, na kila alipomaliza sentensi alimtazama daktari usoni kuona kama limebaki kunyanzi. Tusimcheke sana. Alikuwa akingojea kadi ya évolué, ile iliyotangaza kwamba mweusi huyu amekwisha kustaarabika, na kabla ya kuitoa wakubwa walikuja mpaka nyumbani kwako kuangalia kama mkeo anakaa nawe mezani na kama watoto wako wanakula kwa uma. Mtu akichunguzwa namna hiyo, hata kukohoa hukohoa kwa adabu.

Kazi yake kubwa katika wodi ya watoto ilikuwa kusema. Daktari, Mbelgiji mmoja mwenye haraka, hakujua Kiswahili zaidi ya kuagiza maji na kufukuza mbuzi. Akina mama nao hawakuruhusiwa kukaa ndani. Daktari akishapita asubuhi, sista aliwatoa wote, wakashinda uani kwenye kibanda cha kupikia, wanapuliza moto huku macho yako madirishani. Mtoto mmoja akilia ndani, wote walisimama, maana kila mmoja alisikia ni wake. Habari za kuingia na za kutoka zilipita kinywani mwa Timothée, na ukweli ni kwamba aliupenda ukubwa huo.

Asubuhi moja akaletwa Waziri, mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kukimbia, mwana wa Jafari, fundi cherehani wa mtaa wa Mangobo. Alikuwa na homa na kuhara, halafu kuhara kukakoma na tumbo likavimba likawa gumu. Mama yake, Nyota, alikuwa na umbo dogo na sauti kubwa. Daktari akauliza kwa Kifaransa kama mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani. Timothée akaligeuza swali, na Nyota hakuficha kitu.

"Ndiyo, papa muganga. Koko yake, mama yangu mimi, alimutia dawa ya majani kwa nyuma, na kibuyu. Ile ya mara ya pili ilikuwa kali sana, mutoto alilia mupaka sauti ikaisha. Tangu pale tumbo iko hivi. Umuambie docteur yote, usiache kitu."

Jambo lenyewe halikuwa geni. Mtoto akichafuka tumbo, wazee walichemsha majani, wakayatia kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba, wakampulizia kwa nyuma. Lakini juzi yake tu daktari alikuwa amegomba mbele ya masista juu ya mama mwingine, akasema hawa washenzi watamaliza watoto wao kwa vibuyu vyao. Kisha akamgusa Timothée begani: si wewe, wewe si mwenzao. Mkono ule ulimkolea Timothée kama pombe. Sasa akamwona Nyota na khanga yake iliyopauka, akasikia neno "kibuyu" likisemwa kwa sauti ile kubwa, na uso ukamwaka moto. Aliona kama ni yeye aliyevuliwa nguo.

"Non, docteur," akasema. "Hajapewa kitu."

Daktari akabonyeza tumbo, mtoto akalia. Kama hajapewa kitu, akasema daktari, basi utumbo umejisokota, na kesho asubuhi lazima tumpasue.

Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu lingetosha: nisamehe, daktari, nilisahau. Timothée alilitafuta lile neno, akaliona, akalimeza. Nyota alikuwa anamvuta mkono wa shati.

"Anasema nini?"

"Anasema ataangalia tumbo ya mutoto vizuri. Usiogope, mama Waziri."

"Ulimuambia ya majani?"

"Nilimuambia."

"Mungu akubariki, papa," akasema Nyota, na akatoka mwenyewe kwenda uani bila kungoja sista.

Asubuhi ya pili Timothée alifika mapema, amejiapiza kusema. Alimkuta daktari amekwisha funga kitambaa mdomoni, sista anapanga visu, na Kifaransa chote kikamhama. Wakampitisha Waziri kwenye machela, mdogo ndani ya shuka kubwa. Nyota aliwaona kupitia dirisha. Hakuwa ameambiwa habari ya kisu. Akapiga ukelele, akashika vyuma vya dirisha. Sista akasema dirisha lifungwe, na aliyelifunga ni Timothée, huku Nyota anamtazama machoni kwa matumaini, kama mtu anayemwona ndugu yake ndani ya nyumba inayoungua.

Utumbo haukuwa umejisokota. Ulikuwa mwekundu, umeunguzwa na dawa kali, na kwa hilo kisu hakina kazi. Daktari akashona tena, akanawa mikono, akasema hata haelewi, tumemfungua bure. Timothée alishika beseni akaangalia maji. Siku zilizofuata kidonda kilitunga usaha, mtoto akawa anakwenda na kurudi kati ya uhai na kifo, na Timothée akamhudumia kwa bidii ambayo masista waliisifu. Kila sifa ilimchoma. Waziri akapata nafuu akarudishwa kwao, amekonda, na mshono kutoka kitovuni kwenda chini. Nyota alimletea Timothée kuku.

"Wewe ulitusemea," akamwambia.

Alimpokea yule kuku. Mkewe Odile akampika kwa mawese, wakamla mezani kwa uma.

Labda angezoea. Watu huzoea mengi. Lakini Nyota alirudi na mtoto asafishwe kidonda, na Timothée, kwa mazungumzo tu, akauliza hali ya koko.

"Koko anaenda," akasema Nyota, na sauti yake kubwa haikuwapo. "Jafari anamupandisha camion ya kesho kutwa, arudi kwao Banalia. Anasema docteur alisikia ya majani ndiyo maana alipasua mutoto. Basi ni koko alimupasua. Hamuachi tena amuguse. Mutoto anamulilia, koko analia, mimi niko katikati. Na kosa ni la mudomo yangu, papa. Kama ningenyamaza! Bon, nimewaambia bamama wote kule kwetu: ukifika hospitali, wakiuliza, sema hapana. Usiseme kitu."

Timothée alimfunga mtoto bendeji, akaifungua, akaifunga tena.

Jioni ile alipotoka kazini hakwenda kwake. Alikwenda Mangobo, akauliza nyumba ya Jafari fundi, akamkuta kwenye cherehani barazani. Koko Aziza alikaa kwenye mkeka, mzigo wake umefungwa tayari kando yake, ametengwa na watu kama mwenye ndui. Walimletea mgeni kiti. Hakukikalia.

"Sikumuambia docteur," akasema. "Ile ya majani. Mama Waziri alisema yote, mimi nikamuambia docteur hapana. Docteur hakujua. Kama alijua, hangepasua mutoto."

Mguu wa Jafari ukasimama juu ya kanyagio. "Kwa sababu gani?"

"Nilisikia haya."

"Haya ya nini?"

"Ya sisi," akasema Timothée.

Hakuna aliyempigia kelele, na angependa wampigie. Koko Aziza ndiye aliyejibu kwanza, akasema dawa ile ya pili kweli aliizidisha, mkono wake ulikosea, na hilo yeye analijua na atakufa nalo. "Lakini kisu, muganga," akasema, "kisu ilikuwa ya haya yako." Jafari alimtazama mama mkwe wake. Akainama akaanza kufungua mzigo wa koko, fundo kwa fundo, na vidole vyake vya ushonaji vikawa vizito ajabu. Nyota alimchukua Waziri, akamweka mapajani mwa bibi yake. Halafu akamgeukia Timothée.

"Na docteur? Umemuambia?"

"Bado."

"Alors ulikuja kutuambia sisi tu. Sisi hatutoi kadi."

Mji mzima ulijua habari ya kadi yake. Timothée alitembea mpaka nyumbani akiwapita watu bila kuwaamkia, yeye aliyekuwa hodari wa kuinua kofia. Aibu ya mbele ya daktari alikuwa anaijua siku zote. Hii nyingine hakuijua, ya kumwonea haya mama mwenye khanga iliyopauka kwa sababu yeye ndiye mtu wa kweli na wewe siye.

Kesho yake daktari akaanza kupita vitandani. Mama mpya alikuwa amekaa na binti yake mchanga, tumbo limevimba kama la Waziri. Daktari akauliza swali lake lile lile, Timothée akaligeuza, na yule mama akatazama chini.

"Hapana. Hapana kitu."

Jibu lilikuwa fupi, rahisi kutafsiri. Timothée hakulitafsiri.

"Daktari," akasema kwa Kifaransa, "anaficha, na aliyemfundisha kuficha ni mimi." Akasimulia habari ya Waziri yote, pale pale, mbele ya sista na akina mama. Kifaransa chake kilikuwa na makunyanzi tele.

Daktari alibadilika rangi. Kisha akasema taratibu, "Nilidhani wewe si kama wao."

Angeweza kuishia hapo, na labda kesi ingekwisha kwa karipio. Lakini yule mama alikuwa bado ametazama chini, na mtoto anapumua kwa shida. Timothée akapiga magoti mbele yake, kaptula nyeupe juu ya sakafu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata waliokuwa uani waliisikia:

"Mama, sema tu. Mwezi uliopita Élise wangu alikuwa na homa. Muke wangu alishika kibuyu. Mimi nilimushika mutoto miguu."

Hakuwa amepata kumwambia mtu jambo hilo. Akasimama, masikio yanamwaka, akamgeukia daktari, akamwambia yale yale kwa Kifaransa, la mke na la kibuyu na la miguu, bila kuacha neno. Kadi ilikwenda zake dakika ile, na alijua. Mama akainua uso, akaanza kueleza majani gani, na lini, na kiasi gani. Timothée akatafsiri.